Kulala uwanjani wikendi ya pikipiki: hema juu ya lami, jenereta na blanketi za tairi

GiaYaPili

Wakuu, habari zenu. Tumejiandikisha siku mbili za kukimbiza pikipiki kwenye uwanja wa mbio, Jumamosi na Jumapili, na tutalala palepale padoki (eneo la kuegeshea na kuandalia pikipiki) Ijumaa na Jumamosi. Tuko wawili: pikipiki mbili za cc 600, gari dogo la mizigo, hema la watu watatu, turubai la kukunja lenye fremu na miguu minne la mita 3 kwa 3, jenereta iliyoandikwa wati 2000 na seti mbili za blanketi za tairi, zile za umeme za kupasha tairi joto kabla ya kukimbia. Waandaaji wanasema padoki ni lami tupu, umeme hakuna, na kupigilia vigingi ni marufuku.

Naomba kujua: hema na turubai vinashikiliwaje bila vigingi? Jenereta hiyo itabeba blanketi zote kwa pamoja? Na pikipiki zilale vipi usiku?

---

SpanaNamba10

Karibu mkuu. Nianze na jenereta, maana hiyo inaweza kuwaua usingizini. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala akiivuta haamki kukohoa, anazidi kuzama usingizini. Iwekeni mita 6 au zaidi kutoka kwenye hema, upande unakoelekea upepo, bomba likitazama mbali na hema lenu na la jirani pia. Isikae chini ya turubai hata mvua ikinyesha, wala ndani ya gari eti mlango uko wazi. Usiku izimwe kabisa. Nunueni kengele ndogo ya betri inayogundua gesi hiyo muitundike ndani ya hema. Mkiumwa kichwa na kuhisi kichefuchefu wote wawili kwa wakati mmoja, msidhani ni uchovu: tokeni nje kwanza. Jiko la mkaa nalo hutoa gesi ileile, hata makaa yakiwa mekundu bila moshi, kwa hiyo lisiingizwe ndani kutafuta joto.

Sasa nguvu. Wati 2000 zilizoandikwa ubavuni kwa kawaida ni za kilele, za muda mfupi tu. Za kudumu huwa kama 1600. Seti moja ya blanketi, ya mbele na ya nyuma pamoja, hula wati 600 hadi 1000 kutegemea aina, someni kibandiko. Mkiwa na seti mbili za wati 800 mmeshafika ukomo kabla hata ya kuchemsha chai, na birika la umeme peke yake linaweza kuizima. Kwa hiyo washeni seti ya kwanza, subirini kama nusu saa, ndipo muwashe ya pili. Tairi zikishapata joto blanketi hujizima na kujiwasha zenyewe, na mzigo unapungua. Ile swichi ya kubana matumizi ya mafuta izimeni wakati huo, kwa sababu injini ikiwa imeshuka huchelewa kupanda blanketi zinapojiwasha, na jenereta inakata umeme.

Hesabuni saa nzima ya blanketi kwenye nyuzi 80 kabla ya kipindi cha kwanza cha kukimbia. Dakika 20 zinapasha ngozi ya juu tu, mpira wa ndani na rimu bado baridi, na joto hilo linaisha kona ya pili. Waya wa ekstensheni uwe wa milimita 2.5 mraba, na kama ni wa kuzungushwa kwenye kibiringi, ufunueni wote. Ukiachwa umejikunja joto halina pa kutokea, plastiki inayeyuka, na hapo kuna petroli karibu.

---

KonaYaMwisho

Nimalizie ya hema na turubai.

Turubai la mita 3 kwa 3 linataka kilo 20 kila mguu, si pungufu. Madumu manne ya lita 20 yaliyojaa maji yanatosha, na maji mtayahitaji pia. Fungeni kamba fupi kutoka pembe ya juu ya fremu moja kwa moja hadi kwenye dumu, iwe imekazwa. Wengi hufunga uzito chini kwenye kikanyagio cha mguu peke yake, upepo ukiinua paa fremu inapinda katikati na dumu halijasogea. Kabla ya kulala shusheni miguu hadi kimo cha chini kabisa, au vueni paa kabisa. Turubai likiruka usiku linatua juu ya pikipiki ya mtu.

Hema liwe la kusimama lenyewe kwa nguzo zake. Pembe nne za ndani wekeni mizigo: begi la zana, dumu dogo la maji, viatu. Kamba za nje fungeni kwenye gurudumu la gari.

Fagieni lami kabla ya kutandika. Padoki huwa na vipande vya waya mwembamba wa kufungia boliti, vyenye ncha kama sindano, na kimoja tu kinatoboa sakafu ya hema na godoro la upepo kwa pamoja. Halafu angalieni mteremko. Lami hainywi maji, mvua yote inatiririka kuelekea kwenye mfereji, na mahali panapoonekana pamenyooka vizuri mara nyingi ndipo njia yake. Mwageni nusu lita mwone inaelekea wapi. Turubai la chini ya hema likunjwe liwe dogo kuliko sakafu ya hema. Likichomoza hata sentimita 5 linakinga maji ya paa na kuyapeleka chini yenu.

Lami huwa na joto mwanzo wa usiku, alfajiri imeshapoa kabisa. Godoro la upepo pekee halizuii baridi hiyo, tandikeni mkeka wa sponji juu yake. Na vizibo vya masikio mvitumie kulalia pia, maana kuna watu wanafika saa sita usiku wakishusha mizigo. Tena ulizeni geti linafungwa saa ngapi, viwanja vingi hufunga na hakuna kutoka wala kuingia hadi asubuhi.

---

DadaCheni

Kaka, pikipiki zisilale juu ya stendi mbili. Ikiwa juu ya stendi ya mbele na ya nyuma upepo unaiangusha kirahisi, na ukiivalisha kifuniko umeitwika tanga. Stendi ya nyuma peke yake, gia imeingizwa, mkanda mmoja kutoka kwenye fremu hadi kwenye gari. Kama bado ina mguu wa pembeni, tumia huo na uweke kibao chini yake, lami yenye joto inabonyea.

Kufuli la diski ya breki naliogopa uwanjani. Asubuhi mtu ana haraka, anasukuma, kufuli linagonga kalipa (kibanio cha breki kinachoshika diski) na pikipiki iko chini kabla ya ukaguzi. Mnyororo mnene kupitia mkono wa gurudumu la nyuma hadi kwenye gari ni salama zaidi. Mkilazimika kutumia la diski, fungeni utepe mwekundu kutoka kwenye kufuli hadi kwenye mpini wa akselereta.

Blanketi za tairi zisiachwe zikiwaka usiku, kwa sababu ya moto na kwa sababu mnaipika tairi bila faida.

Petroli: hesabuni lita 3 hadi 4 kwa kipindi cha dakika 20 kwa pikipiki ya 600. Vipindi sita kwa siku, pikipiki mbili, siku mbili, ni lita 72 hadi 96. Igaweni kwenye madumu ya lita 20 yaliyotengenezwa kwa petroli, yakae kivulini, mbali na hema na jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, na chini ndiko mnakolala. Mtungi wa kuzimia moto uwe mahali ambapo mkono unaufikia gizani.

Kazi za ufundi zimalizeni jioni kungali na mwanga: boliti za kalipa, boliti ya kumwagia oili, mkazo wa cheni, unene wa pedi. Pedi zikibaki milimita 2 badilisheni hapohapo. Suti za ngozi zitundikwe kwenye hanga pana, zipu wazi, hewa ipite. Glavu zisikaushwe kwa moto, ngozi inakakamaa na kupasuka kwenye mishono.

Presha ya tairi ikipimwa baridi hushuka kama 0.1 bar kila joto likishuka nyuzi 10. Ikisoma 2.1 jioni kukiwa na nyuzi 30, alfajiri kwenye nyuzi 10 itasoma 1.9, na tairi haijatoboka. Kwa kuwa mna blanketi, msijaze upepo alfajiri. Pasheni saa nzima, kisha pimeni ikiwa ya moto na kufuata namba ya moto ya mtengenezaji wa tairi.

---

GiaYaPili

Asanteni sana wakuu, na dada Cheni pia. Limebaki moja. Uwanja hauruhusu kulanti (kile kimiminika cha kupozea injini), rejeta iwe na maji matupu. Utabiri unasema usiku wa Jumamosi nyuzi 2. Kuna hatari?

---

SpanaNamba10

Ipo. Kulanti wanaikataza kwa sababu glaikoli iliyomo ikimwagika inateleza kuliko maji na kuisafisha ni kazi ndefu. Lakini nyuzi 2 za utabiri hupimwa karibu mita 2 juu ya ardhi. Usiku wa anga safi bila upepo, chini huwa baridi zaidi, na barafu juu ya viti vya pikipiki si ajabu. Maji yakiganda hutanuka kwa kama asilimia 9, na kinachopasuka kwanza huwa mirija ya rejeta au pampu ya maji. Zile dawa za kuongeza kwenye maji zinazouzwa kwa ajili ya uwanjani hupunguza joto la injini na kutu, hazizuii kuganda.

Kama gari lina nafasi, zilazeni pikipiki ndani, madumu ya petroli yakibaki nje. Kama hakuna nafasi, mwageni maji injini ikishapoa: boliti ya chini ya pampu, mfuniko wa rejeta wazi, kisha iinamisheni pande zote mbili, kwa kuwa kuna maji yanayobaki kwenye mipira ya kupitishia maji. Washa ya boliti hiyo, ile pete ya kuzuia maji yasivuje, iwe mpya mkiifunga tena.

Asubuhi jazeni taratibu. Mfuniko ukiwa bado wazi na injini baridi, washeni, minyeni mpira mkubwa wa maji kwa vidole mkiachia, na mtaona mapovu yakipanda kwenye mdomo wa rejeta. Endeleeni kuongeza maji hadi mapovu yaishe, kisha fungeni. Hewa ikibaki ndani, kipimo cha joto kitaruka ghafla mzunguko wa pili au wa tatu. Anzeni kazi hiyo angalau saa moja na nusu kabla ya kipindi cha kwanza, kwa sababu blanketi nazo zinataka saa yao nzima. Baada ya kipindi hicho acheni injini ipoe kabisa, ndipo mfungue mfuniko na kuangalia kama maji yameshuka.