Binti yangu anahitimu ukuruta Eldoret. Nani ameshahudhuria gwaride?

Fundi wa Matondoni
Assalaam alaykum jamaa. Kifungua mimba wangu anamaliza ukuruta wa jeshi pale kambi ya Moi Barracks, Eldoret. Juzi kapiga simu kidogo tu. "Baba, nimefaulu kulenga shabaha." Huyu ndiye aliyekuwa akikaa nami ubavuni mwa mashua akinisokotea pamba za kukalafatia, yaani kuziba nyufa za mbao, mikono ikinuka mafuta ya sifa hadi magharibi. Siku ya kuandikisha, wavulana walimcheka kwa wembamba wake. Kapimwa, kakimbia, kachukuliwa, na wao wakarudi nyumbani.

Nina fahari kubwa na sioni haya kuisema. Wenzangu wa Lamu mwaikumbuka miaka ya kafyu baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, 2014, uvuvi wa usiku ulipozuiwa. Mashua zilikaa pwani mbao zikapasuka kwa jua, na asiyevua hana cha kumlipa fundi. Askari wengi walitoka bara, na kumweleza mtu wa bara kwamba wavu wa jarife hutegwa usiku si kazi ndogo. Nilikuwa nikisema, lau angekuwemo mmoja wetu ndani ya magwanda yale. Sasa yumo, na ni wangu.

Nataka kwenda na mamake, na mamangu pia, ambaye hajapita Malindi maisha yake na ameapa habaki nyuma. Safari tuipange vipi? Na huko gwarideni kuna nini?

Mama Maweni, Malindi
Wa alaykum salaam. Hongera sana, Mungu amhifadhi. Wangu wa kiume alihitimu hapo hapo.

Kwanza baridi. Eldoret iko juu, zaidi ya mita 2,000, na basi likipita Timboroa usiku ni balaa. Bibi avae sweta ndani ya buibui, na soksi nzito. Vukeni Mokowe mapema, mshike basi la kupitia Witu na Garsen, kisha mlale huku Malindi mzee anyooshe miguu. Mabasi ya Nairobi yapo hapa hapa. Nairobi pia mpumzike, msiunganishe.

Kambini fikeni alfajiri, kila mtu na kitambulisho chake, maana ukaguzi ni mrefu. Mtoto hutamwona mstarini, usijichoshe. Magwanda mamoja, mwendo mmoja. Mimi nilitafuta hadi macho yakauma. Walipoachiwa waje kwa wazazi, kijana mmoja mweusi, kakonda, kasimama mbele yangu kanipigia saluti. Ndiye! Nililia nikapiga vigelegele kwa pamoja, na wakina mama wa Turkana na Kisii nisiowajua wakanipokea.

Mwanamaji Mstaafu
Fundi, hongera. Amiri Jeshi Mkuu au mwakilishi wake hukagua gwaride, halafu makuruta hupita mbele yake kwa mwendo wa pole, kisha wa haraka, bendi ikipiga. Waliofanya vizuri zaidi hutuzwa, na kiapo cha utiifu huliwa. Wanawake walipoingia jeshini, 1971, walikuwa na kikosi chao peke yao. Leo binti yako anapita gwaride moja na wavulana.

Anataka kwenda wapi?

Fundi wa Matondoni
Jeshi la wanamaji. Bahari anaijua tangu hajaota meno.

Mwanamaji Mstaafu
Basi aliseme, lakini asiwaahidi watu kwamba atawekwa kituo cha Manda, mbele ya kwenu. Jeshi ndilo hupanga: nchi kavu, anga au majini. Akipata majini, makao yetu makuu ni Mtongwe, Mombasa. Na akija mtu kukwambia ana mkubwa wa kumpangia kituo, umpe kitu kidogo, mfukuze.

Kijana wa Langoni
Halua je, inaruhusiwa kuingia nayo? Bibi hatakubali kwenda mikono mitupu.

Mama Maweni, Malindi
Chakula tulikiacha garini, tukala baada ya gwaride. Chukueni cha kutosha. Wenzake watawazunguka, na wengine wazazi wao hawakuweza kuja.

Fundi wa Matondoni
Allah awajaze kheri. Halua, mahamri na kaimati, mamake ameshaanza hesabu ya sukari. Nina mashua ya mtu niliyoahidi kuimaliza wiki hiyo hiyo. Nimemwendea nikamweleza niendako. Akasema mashua itangoja, na akanipa nauli ya bibi.