Naomba ushauri: kufuatilia ukoo wa Kinorwei katika maktaba ya nasaba ya Salt Lake City

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kutafuta nasaba katika Maktaba ya FamilySearch iliyopo Salt Lake City, Marekani, ambayo haitozi kiingilio. Nafuatilia ukoo wa mume wangu, ambaye mababu zake walihama Norwei katika karne ya 19, kwa kuwa nataka wanangu waujue upande wa baba yao kama wanavyoujua ukoo wangu wa Kizaramo.

Ugumu mkubwa uko kwenye majina. Kabla ya sheria ya mwaka 1923 kuilazimisha kila familia kuwa na jina moja la ukoo, mtoto wa kiume wa Ole aliitwa Olsen na wa kike Olsdatter, na mara nyingi likaongezwa jina la shamba walilokaa, ambalo liliweza kubadilika familia ilipohamia kwingine. Sensa za 1801 na 1865 zinaorodhesha watu kwa majina, lakini kwa miaka iliyo katikati nategemea vitabu vya kanisa, vilivyoandikwa kwa mwandiko wa Kigothi, yaani mwandiko wa mkono wa zamani wenye herufi tofauti na za leo, ambao bado unanitatiza sana.

Je, nianze na orodha za waliohama parokiani, au nitafute shamba kwanza? Na zile picha za nyaraka zinazofunguka tu mtu akiwa ndani ya maktaba au vituo vyake, nizinakili nikazisome nyumbani, au niwaombe wataalamu wa huko tuzisome pamoja papo hapo? Nitashukuru hasa kwa majibu ya waliokwisha kuuzoea mwandiko huo.