Re: Jenereta ya propeni inazima kwenye baridi

> Shikamooni wakubwa. Jenereta yangu ya propeni haikuwahi kunisumbua wakati wa joto. Leo alfajiri, nyuzi 20 chini ya sifuri, imewaka kwa shida, na nilipoiwekea mzigo wa umeme tu ikazima. Mtungi una gesi kama robo hivi. Nibadilishe plagi ya injini?

Marahaba, mdogo wangu. Plagi iache kwanza, kautazame mtungi. Ukiukuta umeganda barafu kwa nje, kuanzia chini hadi usawa wa gesi iliyobaki, ugonjwa ni huo.

Humo ndani propeni ni kimiminika, lakini injini yako inakula mvuke. Propeni huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo mvuke bado upo, ila presha ndiyo imeanguka. Kwenye nyuzi 20 za joto, presha ya mtungini ni zaidi ya mara nane ya ile ya hewa. Kwenye baridi uliyoitaja ni kama mara mbili na nusu tu. Halafu kila gesi inapogeuka mvuke inajinyang'anya joto, kama jasho linavyopoza ngozi. Mtungi unazidi kupoa, mvuke unazidi kupungua. Na ukiwa robo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ni sehemu ndogo tu ya chuma inayogusana na kimiminika na kukipa joto la nje.

Dawa ni mtungi mkubwa uliojaa, au miwili iliyounganishwa ili igawane kazi. Iache injini ipate moto dakika chache, kisha ongeza mzigo kidogo kidogo.

Nakusihi sana: usiupashe mtungi kwa moto wa aina yoyote, na usiuingize ndani ya nyumba. Propeni ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni ikisubiri cheche. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha, hata theluji ikianguka. Moshi wake unaua bila harufu ya kukuamsha. Mtungi usimame wima, ukilala unapeleka kimiminika kwenye regulata, kile kifaa kinachopunguza presha ya gesi. Tundu la regulata la kupumulia litazame chini, lisizibwe na theluji.

Kuhusu kuwaka kwa shida, hapo naishuku oili, inakuwa nzito kwenye baridi. Kama kitabu cha mashine kinaruhusu, weka 5W-30 ya sintetiki, oili inayobaki nyepesi kwenye baridi. Betri ilaze ndani, pa joto.

> Asante sana, kaka. Nimeunganisha mtungi uliojaa, sasa inabeba mzigo. Naagiza oili leo.

Vizuri. Kagua pia mpira wa kupumulia wa injini. Unyevu huganda humo, presha ikakosa njia na kusukuma oili nje kupitia sili, zile pete za kuzuia uvujaji. Ukiona oili inavuja ghafla asubuhi ya baridi, zima kwanza, uangalie hapo.