Ushauri: Mbwa wangu wa miezi 10 bado hajui kufuata harufu ya kitungule. Nimsubiri au nimtoe?

Mwana wa Kisauni

Assalamu alaikum, na salamu kwenu nyote. Naomba ushauri wa wale waliowahi kulea mbwa wa kazi tangu utotoni mwake hadi akakomaa.

Nina mbwa jike wa aina ya Beagle (mbwa wadogo wa kuwinda kwa kunusa) anayeitwa Tausi, ambaye ametimiza miezi 10. Mimi naishi Kisauni, lakini yeye anakaa kwenye shamba la familia upande wa Kikambala, kwa kuwa tulimchukua kwa ajili ya shamba. Tunalima kunde, mchicha na mihogo kidogo, na kila kunde zinapochipua, vitungule, hawa sungura wa porini, hutoka vichakani usiku wakala safu nzima. Asubuhi tunakuta vishina vimekatwa mshazari kana kwamba mtu amepita na wembe. Sitaki Tausi aue mnyama yeyote. Ninachotaka ni ajue kushika harufu yao, abweke na kuwaondoa kwenye matuta.

Hadi sasa hali ni hii. Nikimpeleka alfajiri kwenye matuta yaliyoliwa, huinamisha pua, mkia ukaanza kwenda mbio, akafuata harufu hatua chache, kisha huinua kichwa na kwenda kuchunguza mavi ya mbuzi. Siku moja kitungule aliinuka mbele yake, naye akamkimbiza kwa macho mpaka mnyama alipoingia kwenye makonge. Hapo akasimama na kurudi kwangu bila kubweka hata mara moja. Siku nyingine hubweka mahali ambapo mimi sioni dalili yoyote ya mnyama kupita.

Jirani yetu wa shamba, mzee ninayemheshimu, ananiambia kwamba mbwa wa kazi huonekana mapema na kwamba huyu nimpe mtu mwingine. Kaka yangu naye anashikilia kuwa samaki mkunje angali mbichi, na anataka tununue sungura wa kufugwa, tumfungulie ndani ya ua, ili Tausi "aonje damu" na apate ari. Moyo wangu haukubali. Naomba mniambie: je, miezi 10 ni kuchelewa? Na wakati ninamsubiri, nifanye nini naye ili kusubiri kwenyewe kusiwe kumpotezea wakati?

Mkaa Ughaibuni

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, lakini kwa sasa naishi Marekani, ambako kuwinda sungura kwa mbwa wa aina hii ni halali kwa mwenye leseni na katika msimu uliowekwa. Nimelea mbwa kadhaa wa Beagle na nimewinda nao, kwa hiyo nitakueleza ninavyofahamu.

Miezi 10 si kuchelewa hata kidogo. Wapo wanaoanza kufuata harufu wakiwa na miezi mitano au sita, na wapo ambao hawakuonyesha chochote mpaka walipopita mwaka mmoja, kisha ghafla wakaamka. Hata huyo aliyeanza mapema haaminiki kwa kazi kamili mpaka afike miaka miwili au mitatu. Tofauti ya walioanza mapema na waliochelewa mara nyingi huwa imefutika wakifika umri huo, na mimi binafsi simpimi mbwa kwa mwezi alioanza. Hapa Marekani, tangu 1984, mbwa wa Beagle hutumika viwanja vya ndege kunusa vyakula na mimea iliyofichwa kwenye mizigo, na hata huko huchaguliwa wenye umri wa kuanzia mwaka mmoja hadi mitatu, wakati akili imetulia.

Sasa soma upya ulichoandika mwenyewe. Mkia wake huenda mbio pua ikigusa ardhi: hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote, kwa sababu ina maana kwamba harufu ile inamgusa. Kuinua kichwa baada ya hatua chache ni utoto, kwani umakini wa mbwa mdogo hukatika upesi kuliko pua yake. Kumkimbiza mnyama kwa macho na kunyamaza ni utoto vilevile. Mbwa wa harufu hubweka pale pua inapomwambia kitu, na siku ile pua haikuwa imefanya kazi yoyote. Macho ndiyo yaliyomtangulia. Kuhusu kubweka pasipo na kitu, usimkemee wala usimsifu. Nyamaza, uendelee kutembea. Ukimsifu atazoea kubweka ovyo, na ukimkemea anaweza kuogopa kutoa sauti hata siku atakapokuwa na haki ya kuitoa.

Jambo jingine ambalo jirani yako pengine hajalizingatia ni mnyama mwenyewe. Sungura tunaowinda huku hawaendi mbali; wakikurupushwa huzunguka ndani ya eneo lao na kurudi karibu na pale walipoanzia, hivyo mwindaji husimama na kungoja, na mbwa mchanga hupata nafasi nyingi za kusahihisha makosa yake. Kitungule wetu wa pwani halali shimoni. Hujilaza juu ya ardhi chini ya kichaka, na akiinuka hukimbia mbali sana, tena kwa kasi ambayo Beagle hawezi kuikaribia. Kwa mbwa wa miezi 10 hilo ni somo la darasa la mwisho, na Tausi ndio kwanza anajifunza herufi.

Kuhusu sungura wa kufungiwa uani, nakusihi usikubali. Mbwa atajifunza kutumia macho na meno, na utakuwa umemfundisha kuiacha pua, ambayo ndiyo uliyomnunulia.

Daktari wa Mifugo, Likoni

Nakubaliana na Mkaa Ughaibuni, na ningependa kuongeza mambo ya mwili, kwa sababu watu wengi huyasahau wanapomlaumu mbwa kuwa ni mvivu.

Kwa umri huu mifupa ya Tausi iko mwishoni mwa kukua, na ncha za mifupa mirefu huenda bado hazijakomaa. Mbio za muda mrefu kwenye ardhi ngumu, au kurukishwa mitaro kila siku, vinaweza kumletea madhara ya viungo atakayoyabeba maisha yake yote. Pia yuko katika umri ambao majike wengi huingia kwenye joto, yaani huwa tayari kupandwa na dume, kwa mara ya kwanza. Kipindi hicho huchukua takriban wiki tatu, na akiwa nacho usishangae akisahau hata alichokuwa anakijua. Mfungie pazuri na mafunzo yasimame.

Hali ya hewa yetu ni jambo la pili. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na kuhema hakumsaidii sana hewa ikiwa nzito kwa unyevu kama ilivyo hapa pwani, hasa wakati wa kaskazi. Mfanyishe kazi alfajiri wakati umande ungalipo, kwa sababu harufu nayo hukaa vizuri kwenye majani mabichi, na jua likianza kuchoma umpumzishe kivulini penye maji. Ukiona ulimi umetoka sana na kuwa mwekundu mno, au anayumba, mmwagie maji ya kawaida mara moja na umlete kwa daktari.

Mwisho, mchunguze kupe. Fungua mdomo utazame ufizi: ukiwa umepauka, na mbwa anaacha chakula au anachoka upesi, huenda ana homa ya kupe, na mbwa mwenye homa hiyo hawezi kufundishika. Nimeletewa mbwa waliohukumiwa kuwa wajinga, kumbe walikuwa wagonjwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa isipitwe na wakati.

Msomi wa Kibokoni

Ndugu Mwana wa Kisauni, kwa kuwa umetusalimu kwa salamu ya Kiislamu, naona inafaa nikukumbushe kwamba mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwindia wametajwa katika hadithi kuwa ni ruhusa kufugwa. Zaidi ya hilo, mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi hapa pwani, wameweka masharti ya mbwa kuitwa "aliyefunzwa": akitumwa aende, akikatazwa akatazike, akikamata asile alichokamata, na mambo hayo yarudiwe mpaka idhihirike kwamba yamekuwa tabia yake. Sharti hilo la mwisho ndilo ninalotaka ulitazame. Wanazuoni hawakuridhika na mbwa aliyefanya vizuri mara moja, wala hawakutaja umri. Walidai marudio. Kwa hiyo mwambie mzee jirani, kwa adabu zote, kwamba hata katika fikihi mbwa hahukumiwi kwa siku moja, iwe ya sifa au ya lawama.

Na kaka yako mwambie kwamba samaki mbichi hukunjwa, havunjwi.

Mama wa Mtwapa

Mimi nitasema kidogo tofauti, mwanangu, ili usije ukasubiri bila mpaka. Wapo mbwa ambao hawana moyo wa kazi hii, na kuwalazimisha ni kuwaonea. Mpe Tausi mpaka atimize mwaka mmoja na nusu, akiwa na afya na akifanyishwa mazoezi ya kweli. Ikiwa kufikia hapo hata ule mkia hauchezi tena akinusa, mwache awe mlinzi wa kubweka tu, kwani hata huyo ana faida shambani.

Lakini kuna jambo ambalo wengine wamelipita haraka. Hapa Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na kitungule ni mnyama wa porini anayelindwa na sheria. Usimwache mbwa awafuate vichakani nje ya shamba lako. Kazi yake iishie kwenye ua, na uharibifu ukizidi, toa taarifa kwa Shirika la Wanyamapori la KWS. Hilo la kumpa sungura wa kufugwa amrarue ni ukatili, na nchi yetu ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360.

Mwana wa Kisauni

Shikamoo, mama, na ahsanteni nyote. Tausi atabaki, na kaka nitazungumza naye leo jioni. Mkaa Ughaibuni, kwa kuwa hatutamwachia vitungule halisi, nimfundishe harufu kwa njia gani, na kwa kamba ya urefu gani?

Mkaa Ughaibuni

Tafuta mfugaji wa sungura akupe nyasi walizolalia. Zijaze kwenye kigunia, ukiburute ndani ya shamba alfajiri kwa mstari ulionyooka wa mita 50 hivi, na mwishoni ufiche kipande cha nyama. Ngoja dakika 15, kisha umlete akiwa na kamba ya mita 8 hadi 10 iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, si wa shingoni, ili asijikabe anapovuta. Wewe tembea nyuma yake na usimwelekeze. Akipoteza harufu, simama. Mwache azunguke mwenyewe mpaka aipate tena, hata kama unaiona njia na yeye haioni, kwa sababu pale anapohangaika ndipo anapojifunza. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Acha akiwa bado anataka kuendelea, na usiongeze kona mpaka mstari ulionyooka uwe haumsumbui tena.

Jambo moja zaidi: kigunia kiburutwe na mtu mwingine, asiwe wewe, la sivyo atafuata harufu ya viatu vyako.