Naomba ushauri: difyuza (chombo cha kusambaza harufu ya mafuta) ya mshumaa, ya vijiti au ya umeme?

Ndugu zangu, habari za jioni. Naishi Ntinda, Kampala, na sebule yangu ni ndogo, kama mita nne kwa tatu. Nina mafuta ya mchaichai na ya mkaratusi, chupa za mililita 10, ila sijui niyatumie kwa difyuza gani.

Nilianza na ile ya udongo, bakuli juu, mshumaa chini. Harufu nzuri, lakini siku moja maji yalikauka nikiwa jikoni, mafuta yakaungua, bakuli likabaki na utando mweusi unaonata hadi leo. Halafu nina mtoto wa miaka mitatu, na mwali wa moto anaupenda kuliko katuni. Ya vijiti, ile ambayo vijiti hufyonza mafuta kutoka kwenye chupa, haitaki moto wala umeme, ila naogopa mtoto ataipindua au atayanywa mafuta. Iliyobaki ni ya umeme, inayotoa ukungu wa maji. Hiyo naitamani, lakini umeme kwetu hukatika, na mtoto ana pumu.

Maswali yangu mawili: wenye watoto wa pumu, mnatumia difyuza au mmeacha kabisa? Na hiyo ya ukungu, ya USB inafanya kazi vizuri kwa pawabenki?