Kijana anatoka Mwanza kwenda Erzurum: ajiandae vipi na baridi ya milimani?

Mzazi_Nyegezi

Ndugu zangu, salamu kwenu. Kijana wangu amepata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Atatürk kilichopo Erzurum, mashariki mwa Uturuki, na anatakiwa kuripoti mwishoni mwa Septemba. Amezaliwa na kukulia hapa Mwanza, ambako joto la usiku kwa kawaida halishuki sana chini ya nyuzi 15, na baridi kali aliyowahi kuionja ni ile ya Mbeya mwezi wa Juni alipokwenda kwa shangazi yake. Nimesoma kwamba mji huo uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na kwamba wastani wa Januari ni kama nyuzi 10 chini ya sifuri. Anunue nini hapa na nini huko, na ni hatari zipi ambazo mtu aliyezoea hali ya hewa ya ziwani anaweza kuchelewa kuzitambua?

Msomi_wa_Anatolia

Shikamoo mzee wangu, na hongera kwa kijana. Mimi nilisoma Erzurum. Koti la mtumba kutoka Mlango Mmoja litamvusha Oktoba, lakini koti la Januari na buti zenye soli nene anunue kulekule, kwa sababu wauzaji wa huko wanaijua baridi yao. Asidhani kwamba mjini kuna nafuu kuliko mlimani: katika usiku mtulivu usio na mawingu, hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka na kutuama kwenye bonde, hivyo mji unaweza kuwa na baridi kuliko miteremko ya mlima Palandöken unaouzunguka upande wa kusini, na kuna usiku ambao kipimo hupita nyuzi 30 chini ya sifuri. Madarasa na mabweni, kwa upande mwingine, yana joto la kutosha hata kutoa jasho, kwa hiyo nguo zake ziwe za kuvuliwa kwa urahisi. Hewa ni kavu mno. Midomo hupasuka na pua hutoka damu, basi abebe mafuta ya mgando ya kutosha na avae soksi mbili nzito.

Mpagazi_Igoma

Hilo la soksi mbili nzito nalipinga, labda kama buti zimenunuliwa kubwa makusudi. Buti ikibana, damu haifiki vidoleni, na mguu hupoa hata kama soksi ni za sufu safi. Nimebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro kwa miaka mingi, na waliovaa kila walichonacho tangu kibanda cha Kibo, mita 4,720, mara nyingi ndio waliotetemeka zaidi tulipofika Gilman's Point, kwa kuwa walikuwa wameloa jasho njiani. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, kwani pamba hushika maji. Iwe ya sufu au ya kitambaa cha michezo kinachokauka haraka. Upepo nao usidharauliwe: kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 30 kwa saa huipoza ngozi iliyo wazi kana kwamba ni nyuzi 33 chini ya sifuri.

Mzazi_Nyegezi

Nawashukuru sana. Huenda baadaye akapanga chumba nje ya chuo, chenye jiko la makaa ya mawe. Je, kuna tahadhari? Na atajuaje kwamba baridi imeanza kumdhuru?

Muuguzi_Kirumba

Mzee, jiko hilo ndilo linalonitia hofu kuliko theluji. Bomba la moshi likiziba, gesi ya kaboni monoksaidi hujaa chumbani bila harufu, na mtu huanza kuumwa kichwa na kichefuchefu, kisha hulala asiamke. Adai bomba likaguliwe kabla ya msimu, na asiwashe kamwe jiko la mkaa ndani kama tunavyofanya barazani.

Kuhusu mwili, tafiti zilizofanywa kwa wanajeshi wa Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi ya vidole kwa urahisi zaidi kuliko wenzao weupe. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, hivyo aangalie ganzi, na sehemu inayopauka kama majivu na kuwa ngumu. Asiisugue, wala asiisogeze motoni, maana haitahisi ikiungua. Aingie ndani na kuiloweka katika maji ya nyuzi 37 hadi 39. Akimwona mwenzake ameacha kutetemeka huku bado yuko kwenye baridi, na maneno yanamkwama, huyo apelekwe hospitali mara moja.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa, ambako selimundu ni nyingi. Baridi na miinuko huweza kuamsha maumivu yake, kwa hiyo kama kijana hajawahi kupimwa, apimwe kabla ya Septemba na asafiri na cheti cha majibu.