Tupeane uzoefu: uliyecheza Lone Echo au gemu yoyote ya VR ya anga za mbali, ilikukosha wapi na ilikuangusha wapi?

Mkazi wa Sinza (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Hili jambo nimekaa nalo wiki ya tatu sasa nikaona nililete hapa tulijadili vizuri.

Mimi nilikuwa mtu wa PS tu, mpira na magari basi. VR, yale magemu ya kuvaa miwani ukajiona uko ndani yake, nilikuwa naiona kitu cha kujaribu dakika 5 ukapigwa picha na hayo mamiwani ukaenda zako. Mpaka binamu yangu alipojichanga akanunua Quest 2, miwani yenyewe ya VR, na kompyuta yenye kadi nzuri ya grafiki, akaniachia geto lake hapa Sinza wikiendi nzima, akasema usiguse kingine chochote anza na Lone Echo. Siyo gemu mpya, ilitoka Julai 2017, waliitengeneza Ready at Dawn wa Marekani kwa ajili ya Oculus Rift, miwani ya VR ya kuchomeka kwenye kompyuta, ila ukiwa na Quest unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya na mzigo unapiga kazi freshi tu.

Stori yake kwa ufupi, wewe ni Jack, roboti mwenye akili zake, uko kwenye kituo cha kuchimba madini kinaitwa Kronos II, kwenye pete za sayari ya Zohali, mwaka 2126. Kituo kizima mko wawili, wewe na kapteni Olivia Rhodes, mwenyewe unamuita Liv. Mara huko nje panatokea kitu hakieleweki, mitambo inaanza kufa mmoja mmoja, na wewe kazi yako ni kumsaidia huyo dada. Naishia hapo, wapo ambao hawajacheza.

Sasa kilichonikosha. Mikono! Kule hakuna uzito kwa hiyo hutembei, unashika bomba unajivuta, unasukuma ukuta unaondoka, na vidole vya Jack vinajikunja vyenyewe kufuata kile ulichoshika, ukishika nondo vinaizunguka, ukishika ukingo wa mlango vinang'ang'ania ukingo, ukiweka kiganja kwenye kioo vinatandazika. Kwenye vifundo vya mikono una vijeti vidogo vya kukusukuma taratibu. Mimi dakika kama 10 za kwanza sikufanya hata kazi moja niliyotumwa, nilikuwa nashikashika vitu tu, halafu nikafika dirishani nikaiona Zohali yenyewe imejaa kioo chote, nikanyamaza.

Cha pili ni Liv. Ukimsogelea anakuangalia machoni, ukimgusa anashtuka kama mtu. Ilifika mahali nimemaliza nilichotumwa nikabaki pembeni yake yeye anaendelea na kazi zake, na nikajikuta nina wasiwasi naye, nataka huyu mtu asiumie. Nimecheza magemu miaka mingi nimeua watu sijui idadi hata mmoja simkumbuki, hii mtu ni mmoja tu na mpaka leo namfikiria.

Kilichoniangusha ni zile kazi zenyewe. Nenda kakate ile paneli, nenda kachomeke betri, rudi, vuta mkono wa mtambo, nenda tena. Unatumwa kama mtoto wa kutumwa dukani, na ukifika unaonyeshwa kabisa gusa hapa kata hapa, hakuna pa kukaa ukakuna kichwa. Hiki ndicho kinaniuma, kwa sababu waliofanya mikono ile wasingeshindwa kuweka fumbo moja la maana. Halafu kufa hakuna uzito, mwili ukiharibika unaamka kwenye mwili mwingine unaendelea, kwa hiyo ile mionzi ya huko nje ambayo ingekutia hofu inageuka usumbufu tu. Kama masaa 6 hivi nimemaliza, na bei ya vifaa vyake mnaijua.

Nyie mliocheza hii au zingine za aina hii, lete yako.

Fundi Tabata

Mkuu umenena kuhusu mikono. Mimi nalileta la usalama maana yameshanikuta. Sebule yetu ina pangaboi na dari ni la chini. Nimejisukuma kutoka ukutani kwenye gemu, nikanyoosha mkono juu kudaka bomba, nikadaka pangaboi. Vidole viwili vilivimba na kontrola ikapata ufa. Ule mstari wa kuzuia unaouchora kuzunguka sehemu yako ya kuchezea unakulinda kwa pembeni tu, juu haujui kuna nini. Zima pangaboi kabla hujavaa, na kama joto la Desemba huliwezi basi cheza usiku feni ya kusimama ikikupuliza miguuni. Hiyo feni ina faida nyingine pia, upepo unakuambia umegeukia wapi maana ukivaa ile kitu mlango wa chumba chako mwenyewe unaupoteza.

Ticha wa Temeke

Nafundisha fizikia sekondari. Nilicheza kwa rafiki Mbezi na niseme ukweli nilitoka na somo zima la kwenda kufundishia. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba kitu kikishasukumwa kinaendelea kwenda mpaka kitu kingine kikizuie, na ukisukuma ukuta ukuta nao unakusukuma, watoto wanakariri wanaandika kwenye mtihani basi imeisha. Mle ndani unalihisi begani. Unajisukuma kwa nguvu unafurahia kasi, halafu unagundua ule ukuta wa mbele nao unakuja kwa kasi ileile na hakuna kukanyaga breki kwa mguu. Wameweka kitufe cha kusimama ghafla, hapo wamedanganya kidogo lakini nawaelewa, bila hicho wengi wangekata tamaa.

Na zile pete za Zohali watu hudhani ni kama sahani ngumu, hapana, ni vipande vya barafu, vingine kama vumbi vingine kama nyumba, zimetanda upana wa kilomita kama 280,000 lakini unene wake sehemu nyingi ni makumi ya mita tu. Mwanga wa jua unafika kule baada ya dakika kama 80. Ukiyajua hayo ndiyo unaelewa upweke wa wale wawili, ukipiga kelele leo nyumbani wanasikia zaidi ya saa moja baadaye.

Udhaifu kwangu ni lugha. Liv anaongea sana, na uzuri wa gemu uko kwenye maongezi hayo, unachagua cha kumjibu naye anachukulia kulingana na ulivyojibu. Kiingereza kikikupita pembeni umebaki na kukata paneli. Maandishi ya Kiswahili hamna. Nilikuwa na mdogo wangu wa kidato cha pili akafurahia kuelea tu, kwa nini yule dada ana huzuni hakuambulia.

Mama wawili

Mie VR ilinishinda mwanzoni, kichefuchefu cha mimba nakijua na hiki kilikuwa kinakaribiana. Niliambiwa sababu ni kwamba macho yanaona unakwenda lakini sikio la ndani linalopima mwendo linasema umekaa, ubongo unachanganyikiwa. Magemu ya kutembea kwa kusukuma kile kijiti cha kontrola mpaka leo siwezi, dakika 10 naenda kulala.

Cha ajabu Lone Echo nilivumilia saa nzima. Nadhani ni kwa kuwa kila mwendo naanzisha mwenyewe kwa mkono, mwili unajua kabla macho hayajaona. Kujigeuza-geuza kwa kontrola ndiyo bado, hapo nakaa kwenye stuli nageuka mimi mwenyewe.

Ila mwanzisha uzi kwenye hilo la mafumbo nakuunga mkono, na kama unataka gemu inayokuacha ufikiri tafuta Half-Life: Alyx ya Valve, ilitoka Machi 2020. Kuna mahali umefungiwa pamoja na zimwi linaitwa Jeff, haoni lakini anasikia kila kitu, na chumba kimejaa chupa. Ukiangusha moja umekwisha. Na hewani kuna vumbi linalokufanya ukohoe usipoziba mdomo kwa mkono wako mwenyewe, mkono wa kweli, unauleta mdomoni. Sasa mlango unataka mikono miwili na mdomo unataka mmoja, hapo kazi kwako! Hakuna anayekuambia gusa hapa. Na inakuruhusu kuhama kwa kuelekeza mkono pale unapotaka kutokea, sikupata kichefuchefu hata kidogo. Kinachokosekana ni mtu wa kumpenda, kule uko peke yako muda mwingi na sauti ya mtu sikioni.

Dada wa Ubungo

Naomba niandike kirefu kidogo.

Kaka yangu alipata ajali ya bodaboda 2019, miguu haifanyi kazi, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa mchezaji mpira wa mtaani hapa Ubungo watu wanamjua. Mjomba alimletea Quest kama zawadi, nami niseme ukweli nilichukia, niliona ni kumletea kitu cha kumkumbusha. Na magemu mengi aliyojaribu yalimkumbusha kweli, chuchumaa hapa, inama pale, rudi nyuma hatua mbili, kila saa anakwama anavua anaweka pembeni hasemi kitu.

Lone Echo alionyeshwa na kijana wa jirani mwenye kompyuta. Alikaa kwenye kiti chake hivyohivyo. Kwenye ile gemu hakuna anayetembea, hata Liv mwenyewe anajivuta kwa mikono, miguu inaelea tu nyuma. Kaka yangu mikono yake ina nguvu kuliko yetu sote hapa nyumbani, miaka yote hii anajibeba nayo. Alikuwa anapita kwenye zile korido kwa kasi ambayo yule kijana mwenye gemu hajawahi kuifikia, anagusa mara moja tu anakunja kona. Mama alikuwa anakata mchicha akaacha akaja kusimama mlangoni. Alipovua akasema "mle ndani wote tuko sawa," akaomba maji.

Kwa hiyo hizo kazi za kutumwa mnazolalamika kaka yangu anazipenda. Anasema anapotumwa anaenda.

Udhaifu alioutaja yeye ni mmoja, imeisha mapema.

Wa Kigamboni

Dada Ubungo mpe hongera sana kaka. Mimi la haraka, msiiache hedseti karibu na dirisha. Zile lenzi zinakusanya jua kama kioo cha kukuzia, mchana mmoja tu kwangu ziliunguza skrini, nimebaki na doa la njano katikati haliondoki na hata kwenye anga nyeusi ya gemu naliona. Ifunike na kitambaa kila ukimaliza.

Sina Kompyuta

Kwa sisi wenye Quest peke yake bila kompyuta, Lone Echo hatuigusi, na huo ni udhaifu mkubwa ambao mwanzisha uzi kaupita haraka. Mwaka wote nilitafuta mbadala nikaangukia Red Matter, ya 2018, ya hawa Vertical Robot wa Hispania, nayo iko hukohuko Zohali, kwenye mwezi wake unaitwa Rhea. Unaingia kwenye kituo kilichoachwa cha taifa adui, kila kibao kimeandikwa lugha yao huelewi hata herufi, una kifaa mkononi unakielekeza kwenye maandishi kinakutafsiria. Nilikaa nikawaza ingekuwaje kile kifaa kingetafsiri kwa Kiswahili. Mafumbo yake yana akili, unachora picha nzima ya kituo kichwani. Lakini hamna Liv, hamna mtu kabisa, na masaa machache umemaliza.

Mzee wa Diski

Kuna upande mmoja hamjautaja. Lone Echo ilitoka na pacha wake wa kucheza na watu mtandaoni, Echo Arena, timu mbili mnaelea mnagombania diski mnairusha golini, mikono na mwendo ni ileile. Mimi nilicheza kuanzia ilipokuja kwenye Quest mwaka 2020. Kutoka Dar mawasiliano yalikuwa yanachelewa, nikirusha diski naona imeingia halafu inarudi haijaingia, lakini nilipata marafiki kule mpaka leo tunaandikiana. Tarehe 1 Agosti 2023 ikazimwa. Mwaka uliofuata na watengenezaji wenyewe Ready at Dawn wakafungwa. Nilichojifunza kwa maumivu ni kwamba gemu ya mtandaoni siku yoyote mlango unafungwa na ulichonacho ni kumbukumbu, hii ya stori angalau iko kwenye kompyuta yako.

Mkazi wa Sinza

Wakuu nimesoma yote. Dada Ubungo, ya kwako nimeisoma mara mbili na ile hoja yangu ya kutumwa nimeirudia upya kichwani. Bado mafumbo nayataka, ila sikuwahi kuiona upande huo.

Mwambie kaka kuna Lone Echo II, ilitoka Oktoba 2021, inaendelea palepale hadithi ilipoishia na Liv yumo, mwendo ni uleule wa mikono. Nayo ni ya kompyuta tu, na inataka kompyuta yenye nguvu kuliko ya kwanza, kwa hiyo yule kijana jirani aangalie kwanza kadi yake kabla hajalipia maana kushusha tu kunakula bando. Ikigoma kwake, binamu yangu kanunua tayari, na geto liko chini halina ngazi hata moja. Jumamosi tupo.

Dada wa Ubungo

Nimemsomea. Anauliza Jumamosi saa ngapi.